Maneno Niliyoyakata katika Kitabu cha Mzee Patrisi

Sumbawanga,
Alhamisi, mwezi wa Juni.

Dada yangu mpendwa Otilia,

Shikamoo. Naanza kwa kukuomba radhi. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja, na barua zako mbili zimekaa juu ya kabati bila majibu. Sikuwa mgonjwa, wala sikukusahau. Mwanzoni nilikawia kwa sababu nilikuwa na habari njema, nikataka ikamilike kwanza ndipo nikuandikie. Baadaye habari hiyo iligeuka, nikawa sijui niianzeje. Leo nakuandikia kama ilivyo.

Goti lako linaendeleaje? Mwanao Yustina aliniambia kwa simu kwamba sasa unatembea kwa fimbo, lakini bado unakwenda shambani kuchimba mashimo ya ngoro. Tafadhali, kazi hiyo mwachie shemeji. Je, maharage yamekubali mwaka huu? Na ule mlango wa jikoni uliokuwa ukikwama, mmekwisha kuurekebisha? Sisi hapa tu wazima. Mke wangu anakusalimu sana. Baridi ya Ufipa ni ile ile. Upepo unapita chini ya milango, na watu wanaziba madirisha kwa magunia na matambara ili walale.

Nilikudokezea mwaka jana kwamba kikundi kimoja cha wakulima hapa mjini kiliniomba nisahihishe Kiswahili cha kitabu kuhusu kuhifadhi nafaka. Mwandishi ni Mzee Patrisi, Mfipa wa Mpui, aliyetunza ghala la mazao tangu ujana wake hadi alipostaafu. Shule alisoma kidogo, lakini akitia punje ya hindi mdomoni na kuiuma, anakuambia kama imekauka au kama itaota ukungu baada ya mwezi. Aliniletea madaftari manne yaliyojaa mwandiko wa penseli. Aliandika kama anavyozungumza, akirudi nyuma, akikumbusha, akimgombeza msomaji. Nilifurahi, kwa maana niliona kazi iko.

Katika daftari la tatu alieleza vidonge vya kufukizia wadudu. Huenda huko kwenu pia vinauzwa. Kidonge kinatoa hewa inayoua dumuzi na fukusi ndani ya gunia, na mtu akilala chumba kimoja na gunia hilo, hewa hiyo inamuua naye. Zamani jambo hili halikuwa tatizo, kwa kuwa mahindi yalikaa nje, katika vihenge. Siku hizi wezi wamezidi, na kila mtu anaweka magunia ndani, mara nyingi kando ya kitanda chake. Mzee Patrisi alilijua hilo. Kwa hiyo juu ya kila ukurasa wa sura ile aliandika: "Usiweke nyumba ya kulala watu. Muite mtaalamu." Na chini ya kila ukurasa akaandika tena: "Narudia, usiweke nyumba ya kulala watu."

Mimi niliyakata maneno hayo, Dada. Niliyakata yote, juu na chini, nikaandika sura moja fupi ya mwanzo iitwayo "Tahadhari", na humo nikaweka kila onyo mara moja tu, kwa mpangilio mzuri. Tulibishana hapa hapa mezani kwangu.

"Mwalimu, neno langu umelitoa," alisema.

"Sikulitoa, Mzee. Nimelihamishia mwanzo, mahali pake."

"Mwanzo wa kitabu ni mahali pa picha ya mwenyekiti."

"Msomaji huanza mwanzo, Mzee Patrisi, akasonga mbele."

"Msomaji wa wapi huyo? Wa kwenu Mbinga?"

Mke wangu aliyekuwa akimimina chai alicheka mpaka ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilimweleza kwamba kitabu si mkutano wa kijiji, kwamba kurudia jambo lile lile ni kumdharau anayesoma. Alivaa kofia yake. "Haya," alisema. "Wewe ndiye mwenye kalamu."

Kitabu kilitoka wiki moja baada ya Pasaka. Tulikigawa katika ukumbi wa parokia, na watu walijaa. Nilikaa mbele nimevaa koti, nikisubiri kusikia watakachosema. Hakuna hata mmoja aliyetaja lugha. Mama mmoja alifungua pindo la kanga, akatoa dumuzi mkavu, akamlaza juu ya picha ya dumuzi kitabuni na kumpima. "Ni huyu huyu, hata ukubwa," alisema, ndipo alipokubali kuketi. Kijana mmoja aliuliza kama vipimo vimeandikwa kwa debe na kopo, au kwa mizani ambayo hana. Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alinijia akiwa ameweka kidole kwenye ukurasa ambapo Mzee Patrisi anasimulia jinsi alivyojaribu majivu ya aina fulani na magunia yake matatu yakaliwa yote.

"Mimi kitabu nimekiamini hapa," aliniambia. "Mtu anayeandika alivyopata hasara hawezi kunidanganya. Wale wanaoandika kwamba wameweza kila kitu, hao nawaogopa."

"Na mpangilio wa sura umeuonaje?" nilimwuliza.

"Mpangilio gani?"

Nilirudi nyumbani nimechukia kidogo. Nilijiambia kwamba hawakuzoea vitabu. Sasa naona walikuwa wakinieleza waziwazi wanachokitaka katika kitabu cha kazi. Walitaka kujua kama mwandishi ameishika kazi hiyo kwa mikono yake, na kama ukurasa ulio mbele yao unaweza kuaminika peke yake. Mimi nilikuwa nimeyatoa maneno yaliyoufanya ukurasa huo uaminike.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mpui. Mzee Patrisi alikuwa na mafua, hivyo nilipanda bodaboda peke yangu. Mavuno yamekwisha, na njia nzima nilisikia mashine za kupukuchulia zikinguruma katika nyua. Nilifurahia mlio ule nilipokuwa nikienda. Niliposikia mlio huo huo wakati wa kurudi, nilizihesabu mashine moja moja, kwa sababu kila mashine inayonyamaza maana yake ni magunia yanaingizwa ndani.

Nilipokewa na Mama Skola, kiongozi wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya hapo. Ni mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

"Karibu Mwalimu! Njoo uone kitabu chako kinavyofanya kazi. Hakilali hata siku moja!"

Nilitarajia kukiona juu ya meza, kimefunikwa kitambaa. Alinionyesha jalada tupu.

"Kiko wapi chenyewe?"

"Tumekigawa."

Jumuiya yao ina nyumba kumi na tatu na ilipewa kitabu kimoja. Kwanza walikizungusha nyumba hadi nyumba, kama wanavyoizungusha sanamu ya Bikira Maria mwezi wa rozari. Lakini sanamu inaweza kungojewa, na mavuno hayangoji. Wote walikihitaji katika wiki ile ile. Basi walikaa baada ya ibada, wakakata uzi kwa wembe, wakagawana sura. Wenye ulezi walichukua sura ya ulezi. Wenye vihenge walichukua sura ya vihenge. Walifanya kwa haki na kwa utaratibu, na waliandika katika daftari nani ana nini, ili anayehitaji ajue pa kwenda. Mama Skola alinisomea orodha hiyo kwa fahari.

"Na sura ya kwanza?" nilimwuliza. "Ile ya Tahadhari?"

"Aa, ile haikuwa na dawa, ni maneno tu. Tulimwachia katekista, maana yeye anapenda kusoma."

Waliokuwa pale walicheka. Katekista naye alikuwapo, akasimama kwa heshima. "Nimeisoma yote, Mwalimu. Ni nzuri mno, kama waraka wa kichungaji. Ila vidonge mimi situmii, natumia majivu."

Dada, kumbe onyo lilibaki kwa mtu asiye na vidonge. Niliuliza sura ya vidonge anayo nani.

"Ninayo mimi," alisema Mama Skola. "Njoo uone."

Alinipeleka hadi mlango wa chumba cha mama mkwe wake. Ukurasa ulikuwa umetiwa ndani ya nailoni na kupigiliwa ukutani kwa misumari minne, safi, unasomeka. Chini yake yalikuwapo magunia ya mahindi yamefunikwa turubai. Hatua mbili kutoka kwenye turubai kilikuwapo kitanda, na kitandani alilala bibi, amejifunika mablanketi mawili, uso kwenye ukuta. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia.

"Bibi anaumwa?"

"Malaria. Tangu juzi anatapika, kichwa kinamgonga. Tumempa dawa."

"Mmeweka vidonge lini?"

"Juzi hiyo hiyo. Na kuku nao wameshikwa na kideri. Wote sita, jana asubuhi tumewakuta chali, humu humu wanamolala. Mwaka huu nyumba yangu ina mikosi, Mwalimu."

Palikuwa na harufu. Nilimwuliza ni harufu ya nini. Alinionyesha migebuka mikavu iliyotoka ziwani Kasanga, imening'inizwa juu ya mlango. "Ni samaki tu hao," alisema. "Ukikaa kidogo utazoea."

Hujawahi kunisikia nikipiga kelele katika nyumba ya mtu. Siku ile nilipiga kelele. Wanaume wawili waliziba pua kwa nguo, wakamtoa bibi pamoja na godoro lake mpaka uani. Alikuwa mzito kama mtu aliyelewa, midomo imebadilika rangi. Niliwakataza watu kuingia tena, hata kuchukua blanketi. Mama Skola alisimama katikati ya ua, mikono kichwani, akiniuliza swali moja tu: "Lakini nimefuata kitabu. Mwalimu, si nimefuata kitabu?"

"Umekifuata," nilimjibu.

Muuguzi wa zahanati alimwona bibi, akasema apelekwe hospitali ya mjini mara moja. Mtendaji wa kijiji alizunguka na kipaza sauti mpaka jua lilipozama. Nyumba nyingine mbili zilikuwa zimenunua vidonge na zilikuwa zikingoja mashine imalize. Bibi bado amelazwa. Nimekwenda kumwona kila siku. Jana alinitambua, lakini daktari anasema moyo wake haujatulia, na hataki kutuahidi lolote.

Nilidhani nimekwisha kusikia mabaya yote. Nilipokuwa nikiondoka, Mama Skola alinifuata hadi kwenye bodaboda. Alikuwa amelia, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imepotea.

"Mwalimu, kuna kitu sijakuambia. Ukurasa ule ulipendwa. Mwenye duka la madaftari aliutolea kopi. Watu wa malori wamechukua, wanapeleka mpakani Kasesya. Na wachuuzi wa samaki wamechukua kwa ajili ya ndugu zao kule Kasanga."

"Kopi ngapi?"

"Hata yeye hajui. Alisema kila mteja akiiona anaitaka."

Nimeusoma ukurasa huo tena nyumbani. Ni ukurasa mzuri, Dada. Sentensi zake ni fupi, kila hatua inafuata nyingine, hauna neno la ziada. Mtu yeyote atauamini. Uko katika nyumba nisizozijua, umepigiliwa ukutani, na watu wanalala chini yake na madirisha wameyaziba.

Nimekumbuka ulipokuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Kitabu chenu kilifungwa kwa kamba ukutani, mgongo wake umevunjika, kikiguswa tu kinafunguka penye ukurasa wa mama anayetoka damu. Nilikuja kukusalimia, nikakulaumu kwamba mnaharibu kitabu. Ulinijibu, "Damu hainingoji nifike ukurasa wa sitini." Niliona unatania. Kama ningekuelewa siku ile, huenda bibi wa watu angekuwa nyumbani kwake leo.

Jumapili nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi. Nilimwomba mambo mawili: orodha ya vijiji vilivyopewa kitabu, na barua yenye muhuri ili redio itangaze. Redio nilikuwa nimekwisha kuwapigia. Walinijibu kwamba bila muhuri wa waliotoa kitabu hawawezi kusoma tangazo la namna hiyo. Orodha iko katika kabati la mwenyekiti, na muhuri uko katika mfuko wake.

Alinisikiliza kwa utulivu, akafungua kitabu ukurasa wa tisa. "Si umeandika hapa, Mwalimu? 'Vidonge visitumike kamwe katika nyumba ya kulala.' Kiswahili safi kabisa. Kosa liko wapi? Waliokichana ndio wenye kosa."

"Hawakukichana. Walikigawa ili wote wapate."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Akasema jambo hilo litapelekwa kwenye kikao cha kamati siku ya Ijumaa, saa nne, na kwamba kabla ya hapo nisipeleke habari hizo redioni wala wilayani, maana kuna chapa ya pili inayosubiri na wafadhili watashtuka. Kisha akanipa karatasi niisome. Ni tamko, linasema kitabu ni sahihi na wasomaji hawakusoma utangulizi. Anataka nilitie sahihi mimi, kwa kuwa watu wananiheshimu. "Ukikataa," alisema, "kamati italazimika kusema nani aliyeyatoa maonyo kwenye daftari la mzee. Na yule bibi akifariki, polisi watauliza."

Nilikubali kungoja hadi Ijumaa. Sijivunii jambo hilo. Maisha yangu yote nimefundishwa kufuata ngazi, na nimewafundisha wengine hivyo. Sikukaa bure, kila siku nimepanda bodaboda, nimefika vijiji saba, nimezungumza na makatekista na watendaji, na katika vijiji vitatu nimeukuta ukurasa wangu. Lakini bila orodha napapasa tu. Leo asubuhi dereva mmoja wa lori ameniambia ameuona umebandikwa dukani, karibu kabisa na mpaka, kando ya makopo yenyewe ya vidonge. Muuguzi ameandikia wakubwa wake, na hajajibiwa.

Jana Mzee Patrisi alikuja, bado anakohoa. Nilimwambia kila kitu, pamoja na tamko. Nilitegemea anigombeze. Aliuliza tu bibi amelazwa wodi gani, kisha akatoa daftari lake la tatu chini ya koti, akaliweka mezani. Mistari yangu ya kalamu nyekundu imepita juu ya maneno yake, ukurasa baada ya ukurasa.

"Kesho kutwa hili nalipeleka kikaoni," alisema. "Nimeona nikuambie kwanza. Sitaki uone nimekuvizia."

"Lipeleke," nilimwambia. "Nitalibeba mimi."

"Utasema nini?"

"Nitasema wino ni wangu."

Alikunywa chai yake, na alipoondoka alinishika bega. Sikustahili.

Basi ndivyo mambo yalivyo. Msalimie sana shemeji Kasiani, mwambie barua hii asiisome barazani mbele za watu mpaka mambo yajulikane. Msalimie Yustina binti yako, na umwambie asome barua hii mara mbili, maana naye ni mwalimu na anapenda kalamu nyekundu kama mjomba wake. Msalimie mjomba Landelini. Kama macho yake bado hayaoni, asomewe taratibu, na msimfiche sehemu yoyote. Wajukuu wote nawabusu. Na kama huko kwenu kuna mtu anayehifadhi mahindi chumbani, nenda ukatazame kwa macho yako kuna nini chini ya turubai, hata kwa fimbo hiyo. Usitume mtu.

Kesho saa nne nitaingia kikaoni. Tamko sitalitia sahihi. Wakigonga muhuri, redio itatangaza jioni hiyo hiyo, na watu watafungua madirisha. Wakikataa, nitatoka hapo nikiwa na daftari mkononi na kwenda moja kwa moja ofisi ya mkuu wa wilaya, bila muhuri, nikaeleze nilichokifanya. Uamuzi wowote utakaotoka, nitakuandikia siku hiyo hiyo kwa mkono wangu, popote watakapokuwa wameniweka. Habari zikikufikia kwanza kwa njia nyingine, usinitetee kwa kusema nimesingiziwa. Maneno yale niliyakata mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Damasi